Nyumba za Upare, Juu na Chini

Mtu asafiriye kwa barabara kuu itokayo Korogwe kwenda Moshi huiona milima ya Upare upande wake wa kulia kwa sehemu kubwa ya safari. Kushoto kwake ni tambarare kavu yenye miiba, mibuyu na mashamba ya mkonge. Kulia milima imesimama kama ukuta, na aghalabu mawingu yameukalia. Akishuka mjini Same yuko mahali palipo juu ya bahari kwa mita 860 hivi. Kilele cha Shengena, ambacho ni kirefu kuliko vyote katika milima hiyo, kina mita 2,462. Sasa, hewa hupoa kadiri ya nyuzi sita kila mtu apandapo mita 1,000. Fanyeni hesabu ninyi wenyewe, mtaona ya kuwa juu ya Shengena baridi yaipita ile ya Same kwa nyuzi tisa au kumi. Katika mwezi wa Julai, saa ile ile ambayo mtu wa Same amekaa kivulini na shati jepesi, ndugu yake aliyeko Chome amejifunika blanketi karibu na moto.

Nasema ndugu yake, kwa kuwa watu wengi wa Same wana kwao huko juu, na sikukuu zikifika hupanda kwenda kuwaona wazee. Ni watu wamoja, lakini nyumba zao zilijengwa kwa mawazo mawili mbalimbali. Katika habari hii tutaingia ndani ya nyumba hizo. Maana nje ya nyumba huonekana na kila apitaye, lakini kazi ya nyumba iko ndani.

Tuanze juu. Nyumba ya zamani ya mlimani ilikuwa msonge. Fito zilichomekwa ardhini kwa duara, zikakutanishwa juu na kufungwa kwa kamba za magome, kisha paa la nyasi au majani makavu ya migomba likashushwa hata likakaribia kugusa ardhi. Mlango ulikuwa mmoja, tena mfupi, mtu akiingia huinama. Dirisha hapana. Mwanafunzi wa leo akisikia habari ya nyumba isiyo na dirisha husema kwamba watu wale hawakujua kujenga. Sivyo. Walijua sana walichokijenga. Mlimani upepo wa usiku ni mkali, na mvua huja imelala ubavu; kila tundu ni njia ya baridi. Tena chui walikuwako, na watu wa vita waliopenda ng'ombe wa wenzao walikuwako pia. Mlango ambao mtu hawezi kuupita ila kwa kuinama si mlango mzuri kwa mwizi.

Ndani, macho yakiisha kuzoea giza, ungeona kwamba nyumba imegawanyika pasipo kuta. Upande mmoja wamelala ng'ombe na mbuzi, na upande wa pili ni vitanda vya watu, vilivyofanywa kwa miti iliyosimikwa sakafuni, juu yake fito na ngozi. Kando ya ukuta viko vibuyu vya maziwa na vya maji, vyungu, kinu na jiwe la kusagia. Ng'ombe kulala ndani ya nyumba ni jambo lililowashangaza wageni wengi, nao wakaliandika kwa dharau. Lakini fikirini: mlimani hapana malisho mapana. Mashamba ya migomba yamebanana juu ya miteremko, na ng'ombe akiachwa atembee ataharibu mifereji na kuuporomosha udongo. Basi alifungwa ndani, watoto wakamkatia majani na kumletea kwa vichwa. Naye akalipa mara tatu: kwa maziwa, kwa joto la mwili wake usiku, na kwa samadi iliyotolewa kila asubuhi ikatiwa kwenye migomba. Pasipo samadi ile, shamba la mteremkoni huchoka upesi.

Katikati ya yote yalikuwako mafiga matatu na moto wake. Moto ule haukuzimika. Usiku ulifukiwa kwa majivu, na alfajiri mama aliufukua akaupuliza. Juu yake kilikaa chungu cha makande, yaani mahindi na maharagwe yaliyopikwa pamoja. Watu wa Upare husifiwa kwa makande, na wengine huwatania kwa ajili yake, lakini ni wachache wanaojiuliza kwa nini chakula hicho kikawa chao. Mahindi makavu na maharagwe makavu hutaka kuchemka kwa saa nyingi kabla ya kuiva. Katika nyumba ambayo moto unawaka mchana kutwa kwa sababu ya baridi, saa hizo si gharama. Chungu hukaa pale pale, kuni zile zile zinazowapasha watu joto zinapika, na mama aweza kwenda shambani akarudi. Lakini mpeleke mama yule mjini, mahali ambapo mkaa hununuliwa kwa fedha, naye ataanza kuyatwanga mahindi kwanza ayatoe maganda, na maharagwe atayaloweka tangu jana, ili kuufupisha moto. Chakula ni kile kile, lakini jiko si lile.

Juu ya moto palikuwa na dari ya fito, ambayo wengine huiita uchaga. Hapa ndipo palipokaa uzima wa nyumba. Mahindi yaliwekwa humo pamoja na magunzi yake, na kuni mbichi zikapangwa kando zipate kukauka. Magunzi yaliyo mazuri kuliko yote yalichaguliwa siku ya mavuno, majani yake yakafungwa mawili mawili, yakatundikwa juu kabisa, mahali pa moshi mwingi. Hayo yalikuwa mbegu, wala hayakuliwa hata nyumba ikiwa na njaa, isipokuwa njaa imepita kiasi. Moshi na joto vilikausha nafaka hata ikawa ngumu, na wadudu hawakupenda kukaa katika masizi. Moshi ule ule uliopita katikati ya nyasi za paa uliwafukuza mchwa wasile fito. Hivyo moto mmoja ulipika, ukapasha joto, ukahifadhi paa, ukalinda na mbegu ya mwaka ujao.

Lakini haifai kuusifu moshi bila kusema na ubaya wake. Uliwachoma watu macho na vifua, na walioumia zaidi ni akina mama na watoto wachanga waliokaa karibu na mafiga siku zote. Wazee wengi wenye macho mekundu waliyapata hapo. Jambo hili tutalirudia.

Nyumba haiwezi kusimama bila shamba, na shamba la Upare, hasa kwenye miteremko ya chini, haliwezi kusimama bila ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe lililochimbwa ubavuni mwa mlima, likapokea maji ya kijito kwa mfereji. Wazee walizifanya zamani sana, kabla ya saruji kujulikana. Mtu aweza kuuliza: ikiwa kijito kipo, kwa nini kukusanya maji? Kwa nini yasiende moja kwa moja shambani? Hapa ndipo penye akili ya jambo. Tuseme kijito kinatoa lita 5 kwa kila sekunde. Maji machache hivyo yakitiwa katika mfereji mrefu wa udongo, mengi hunywewa na ardhi njiani, na shamba la mwisho halipati kitu. Lakini yakizuiwa usiku kucha kwa saa 12, zitakusanyika lita 216,000. Asubuhi tundu la ndiva likizibuliwa, na maji yale yakitoka kwa muda wa saa 4, yataenda lita 15 kwa sekunde, pamoja na zile 5 za kijito, jumla 20. Maji ya namna hiyo hukimbia, hayaachi nafasi kwa udongo kuyanywa yote, nayo hufika. Ziko ndiva zilizo ndogo kuliko huo mfano wetu, na ziko zinazochukua zaidi ya mita za ujazo 1,000.

Ndiva ina zamu, na zamu huamuru maisha ya nyumba. Siku ya zamu hapana mtu wa kwenda sokoni. Mume, mke na watoto wenye nguvu wako shambani na majembe, wakiyaongoza maji kutoka tuta hata tuta. Matope yakijaa ndani ya ndiva, watu wote wenye kutumia maji yake huitwa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja isiyo na mshahara, wayatoe. Asiyefika hutozwa faini, na asiyelipa huwekwa nyuma katika zamu. Adhabu hii ya pili huogopwa zaidi kuliko ile ya kwanza, kwa kuwa mahindi yanapotoa mbelewele hayangoji. Siku chache za ukavu wakati huo zaweza kuipunguza nafaka kwa sehemu kubwa. Magomvi ya maji ni ya zamani kama ndiva zenyewe. Aliye juu huyagusa maji kwanza, na aliye chini humtazama kwa wasiwasi mwaka wa mvua haba.

Sasa tushuke hadi Same. Mji huu uko mahali pa mvua chache, nao ulikua kando ya reli itokayo Tanga, ambayo ilifika Moshi mwaka 1911. Reli ilileta bidhaa na watu wa pwani, na pamoja nao nyumba ya namna nyingine. Zamani watu wa bara waliokuwa wakisafiri na misafara walikuwa wamekwisha kuiona. Waliiita banda, kwa kuwa ina pembe nne na paa la migongo, si mviringo kama msonge. Mtu aijuaye Ng'ambo ya Unguja au Kariakoo ya Dar es Salaam ataitambua nyumba hiyo hata huku, mamia ya kilomita mbali na bahari.

Mbele yake ni baraza. Ukiingia mlango unakuta ukumbi mrefu unaopita katikati ya nyumba hata nyuma, na vyumba viko kulia na kushoto, aghalabu vitatu kila upande. Mwisho wa ukumbi ni mlango wa ua, na uani ndiko liliko jiko, mahali pa kuogea, choo, na mapipa ya maji. Nyumba hii haikai kuuzunguka moto. Imeufukuza moto nje. Badala yake imefunguliwa kwa upepo. Milango miwili ikiwa wazi, ule wa mbele na ule wa ua, hewa hupita ukumbini, na vyumba vyapoa. Hayo ndiyo yatakiwayo mahali pa joto.

Faida yake ya pili ni ya kimji. Msonge ulikuwa nyumba ya watu wa tumbo moja, waliojuana hata kwa pumzi. Lakini mjini wanaishi karani, mwalimu, fundi na mchuuzi, kila mmoja ametoka kwake, nao hawana ujamaa. Kwa kuwa kila chumba kina mlango wake ukumbini, mwenye nyumba aweza kukaa katika viwili na kuwapangisha wageni vilivyobaki. Ndiyo sababu desturi za nyumba hii ni nyingi. Mgeni hupiga hodi akangoja. Akiwa si wa nyumbani hukaribishwa barazani, wala haingii ukumbini mpaka ameambiwa. Mpangaji apitaye ukumbini husalimu hata kama amepita mara kumi siku ile. Ua ni wa akina mama: huko hupikwa, hufuliwa, na habari za mtaa mzima hupepetwa pamoja na mchele. Barazani hukaa wanaume jioni, na watoto husoma hapo kabla giza halijaingia. Jua la mchana likiwaka juu ya bati, hata upepo wa ukumbini haufai, na watu wote huhamia chini ya mwarobaini.

Shida kubwa ya nyumba za Same imekuwa maji. Kwa miaka mingi mtu angeweza kuipima hali ya nyumba kwa kuhesabu madumu uani, na wasukuma mikokoteni walipata riziki kwa kuyauza maji kwa dumu. Mwaka 2025 ulizinduliwa mradi wa kuleta maji Same, Mwanga na Korogwe kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960 katika bonde la Pangani. Jina hilo linafaa katika habari ya nyumba, ingawa waliolitoa hawakuwa wakituwazia sisi.

Tumeona nyumba mbili. Lakini hazikukaa kila moja mahali pake. Nyumba ya pembe nne ilipanda mlima. Watoto waliosoma, na watu waliofanya kazi mashamba ya mkonge au mijini, walirudi kwao na fedha, wakajenga kama walivyoona huko chini: matofali ya kuchoma, madirisha, vyumba, na bati juu. Kahawa ilisaidia kuyalipia mabati, na katika miaka ya karibuni tangawizi ya Mamba Miamba imejenga nyumba nyingi. Leo msonge ni vigumu kuuonyesha kwa mtoto. Hana budi kusimuliwa.

Katika badiliko hili watu walipata mengi. Ng'ombe ana zizi lake, na mtoto hulala bila kusikia kwato. Jiko limetengwa likawa kibanda cha nje, hivyo moshi hauwajazi waliolala. Bati halivuji, halishiki moto kwa cheche, wala halitaki nyasi mpya kila baada ya miaka michache, nazo nyasi za kuezekea zimekuwa adimu. Lakini bati haliruhusu moshi kupenya kama nyasi. Lau mafiga yangebaki ndani, watu wangesongwa. Basi moto ulipotoka, dari juu yake haikuwa na kazi tena. Mahindi yalihamia katika magunia chumbani, mahali safi, pasipo masizi. Na pasipo moshi.

Ni katika miaka ile ile ndipo alipokuja mgeni mbaya. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mdudu mmoja kutoka Amerika ya Kati aliingia Tanzania, na mwaka 1981 wataalamu walimtambua huko Tabora. Wakulima walimwita dumuzi, na wengine wakamwita Scania kwa jina la lori kubwa, maana aliweza kubeba ghala zima. Ana urefu wa milimita 3 au 4 tu, mwenye rangi ya kahawia iliyoiva hata karibu na weusi. Fukusi wa zamani alikula, akabakiza. Dumuzi hula nafaka na kuigeuza unga, tena hutoboa hata miti mikavu na muhogo. Hupenda zaidi mahindi yaliyo katika gunzi, kwa kuwa punje zimeshikwa hazichezi, naye hupata pa kujiegemeza anapotoboa. Ndivyo njia ya wazee ya kuweka magunzi ilivyomfaa, wakati moshi uliokuwa mlinzi wake umekwisha kuondoka. Nyumba iliyovuna magunia sita mwezi wa Agosti ingeweza kukuta vumbi katika mawili mwezi wa Februari, yaani miezi ile ambayo mahindi ya shambani bado ni majani.

Hakuna atakayeurudisha msonge kwa ajili hiyo, wala haifai. Macho ya akina mama ni ghali kuliko gunia. Njia ifaayo sasa ni kuyapukuchua mahindi mapema, kisha kuyatia katika mfuko usiopitisha hewa. Mfuko huo una tabaka mbili za plastiki ngumu ndani ya gunia la kawaida, na kila tabaka hufungwa peke yake kwa kukazwa sana. Wadudu waliomo huvuta hewa kidogo iliyobaki hata ikaisha, wakafa, bila dawa yo yote. Mfuko huwekwa juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta, na panya wazuiwe, kwa sababu tundu moja hurudisha hewa na kazi yote ikapotea. Usifunguliwe kila siku kwa ajili ya kibaba kimoja. Afadhali kuwa na mfuko mdogo wa kula na mikubwa ya kungoja.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni ukavu, kwani mahindi yenye maji yakifungiwa humea kuvu, na kuvu nyingine ni sumu. Zamani moshi ulikausha wenyewe. Sasa ni juu ya mtu kupima. Chukueni chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, mtie mahindi kufikia robo yake, na vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu. Fungeni, mkaitikise kwa dakika chache, kisha iacheni itulie robo saa. Chumvi ikiwa imeshika ndani ya kioo, mahindi bado yana maji, na yarudishwe juani. Ikiwa imelala chini, kioo kikabaki cheupe, mama aweza kufunga mifuko yake.